Aliyeona Haya Kuanguka

Mtu mmoja alikuwa na msiba na mtoto, na vyote viwili alivibeba kimya kimya. Jina lake Tweve, mzaliwa wa Makete, na kazi ilikuwa imempeleka nchi ya mbali ambako theluji hulala milimani miezi mingi. Mkewe akafia huko. Akabaki na Aidani, mwanawe wa pekee. Siku ya maziko Tweve alikwenda kulia nyuma ya kanisa, mtoto asimwone, kwa kuwa alilelewa kuamini kwamba baba ni nguzo, na nguzo haiyumbi.

Tangu siku hiyo mtoto akawa mzito wa maneno. Hakuomba kitu, isipokuwa kimoja: waende pamoja mlimani wakajifunze kuteleza kwa ubao juu ya theluji, kama wafanyavyo watu wa kule. Tweve akafurahi mno. Aliona moyo wa mwanawe umefunguka kidogo, akaogopa usije ukafungwa tena.

Jumamosi wakaenda. Ubao ule ni mmoja, na miguu yote miwili hufungwa juu yake. Mwalimu akawaambia wanagenzi kwamba siku ya kwanza hakuna kuteleza. Kwanza watu hujifunza kuanguka. Aidani akajibwaga kwenye theluji, akacheka, mara ya kwanza tangu mama yake afariki, kisha akamtazama baba yake. Watu walikuwa wengi. Tweve akaona haya. Mtu mzima na mvi zake agaragare chini mbele ya mtoto aliyemzaa! Akafungua kamba, akasema mgongo unamuuma, akaketi kwenye benchi.

Lakini hakukata tamaa, maskini. Alimpenda mwanawe. Akawa anakwenda mlimani kwa siri mtoto akiwa shuleni, akianguka peke yake, akiamka peke yake, magoti yamevimba, na jioni anatembea wima sebuleni kana kwamba hana jambo. Kila Jumamosi mtoto aliuliza kama mgongo umepona. Kila Jumamosi akajibiwa bado. Wazee walisema mficha uchi hazai. Tweve aliijua methali hiyo, akadhani ni ya wengine. Majira yakapita, yakaja mengine, na mtoto akaacha kuuliza.

Hatimaye baba akawa hodari. Siku moja akapanda hadi juu, akashuka kwa madaha bila kuyumba, akasimama katikati ya mteremko, mbele ya mwanawe, akitabasamu, akingoja kukumbatiwa. Aidani akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Baba, walimu ninao," akasema. "Mimi nilitaka mtu wa kuanguka naye."

Kisha akageuza ubao, akashuka mteremko vizuri sana, peke yake kama alivyojifunza. Tweve akamwita. Akamfuata kwa pupa, ubao ukanasa, akaanguka kifudifudi mbele ya watu wote, na safari hii hakuona haya hata kidogo. Alilia kwa sauti. Lakini aliyepaswa kumwona alikuwa amekwisha fika chini, naye hakugeuka.

Nanyi mnaojificha mpaka muwe imara ndipo muwaendee wapendwa wenu: siku mtakapotokea, mtamkuta nani bado anawangoja?