Maharage ya Kemilembe

Mtu mmoja wa Karagwe, jina lake Mutalemwa, alikuwa na furushi moja tu la maharage, na yote yalikuwa bado ndani ya maganda. Mkewe Kemilembe ndiye aliyeyapanda, akayapalilia, akayang'oa. Kisha homa ikamchukua kabla hajayapura. Mutalemwa akalipandisha furushi darini. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba hawezi kuyainulia fimbo maharage ya marehemu. Watu wakamwacha, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mvua za kwanza zikanyesha, majirani wakaingia migombani na majembe. Mutalemwa alikuwa na watoto watatu, na mbegu nyingine hakuwa nayo. Akapanda darini, akakuta unga mweupe umetapakaa chini ya furushi. Wadudu walikuwa wamekwisha kuingia. Maskini, kumbe huruma yake yote ilikuwa ikiwalisha wao.

Akaliteremsha, akayaanika maharage juani siku mbili, akatandika jamvi uani na kushika fimbo. Hapo akafanya kosa la pili. Hakupura, alipiga. Aliipiga homa, alilipiga kaburi, aliipiga nyumba iliyopoa, na machozi yakimtoka. Maganda yalikwisha kufunguka zamani, yeye hakuona. Punje zikaanza kupasuka, na harage lililopasuka haliwi mbegu tena; mwisho wake ni chunguni.

Dada yake Kokugonza, aliyekaa ng'ambo ya ua, alikuwa mpuraji ambaye kijiji kizima kilimwita wakati wa mavuno. Aliusikia mlio wa fimbo akajua kuna jambo. Akaja mbio, akaidaka fimbo ikiwa juu.

"Kaka, hebu sikiliza! Fimbo ni ya ganda, si ya harage."

Mutalemwa akakaa chini. Kokugonza akaanza kupura, na ilikuwa raha kumtazama. Alipiga, akageuza, akatega sikio. Palipokuwa na ganda gumu alikaza mkono. Palipofunguka alipita bila kugusa. Mwanamke huyo alikuwa amezika watoto wawili mwaka mmoja, na hakuna aliyewahi kumsikia akiwatukana waliobaki hai. Sijui kama yupo wa kumfananisha naye. Alipomaliza alipepeta, upepo ukachukua makapi, na katika ungo zikabaki punje nzima, safi, za kutosha kupanda shamba.

Wakazipanda siku ile ile. Msimu ulipoisha, watoto watatu walikula na kushiba maharage ya mama yao, na Mutalemwa akala pamoja nao.

Wanaojua asili ya maneno husema kwamba Waingereza wana neno moja la dhiki kuu, "tribulation", lililotokana na jina la chombo cha kupuria: ubao mzito wenye meno, ambao Warumi wa kale waliukokota juu ya masuke ili ngano itoke. Nawasifu waliolianzisha. Walijua kwamba uwanja wa kupuria haukuwekwa kwa ajili ya kuiangamiza nafaka.

Basi ndugu yangu, wewe unayelia leo uwanjani, ukimwomba Mwenye mazao aiweke chini fimbo yake: je, ungependa kweli akuhurumie kwa kukuacha darini?