Kodi ya Kinu Iliyowekwa kwa Mjane

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, alikuwako mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba binti Ghailani. Mumewe, Wahbu, alimwoa kwa mahari ya kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, na kwa kinu hicho waliishi miaka mingi. Kisha Wahbu akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Bi Lubaba akakaa eda kwa subira, na eda ilipokwisha akaenda kinuni. Alimkuta shemeji yake, Zuheri, mfanyabiashara wa misafara, amesimama mlangoni.

"Kinu ni changu, shemeji," akasema Zuheri. "Mawe haya na ngamia anayeyazungusha vilitoka kwangu. Marehemu alikupa mahari ya mali isiyokuwa yake."

Bi Lubaba hakuwa na riziki nyingine. Hakupiga kelele. Alijifunga ushungi wake, akaenda moja kwa moja kwa Kadhi Mutarrifu.

Kadhi akawasikiliza wote wawili. Shahidi pekee wa Zuheri alikuwa amekwenda Hijazi, na kurudi kwake kungechukua miezi.

"Tutamngoja," akasema Kadhi. "Ila kinu kisilale, kikaharibika, atakayeshinda akapewa gofu. Nitakipangisha, na kodi itakuwa mtungi mmoja wa mafuta kila mwezi. Kodi hiyo hapana wa kuigusa hadi nitoe hukumu. Nitajieni amini, mtu wa kutunza amana, nimkabidhi."

"Ikae kwake," akasema Zuheri, akimwonyesha Bi Lubaba.

Watu wakacheka barazani. "Zuheri, jua limekupiga? Unashindana naye, kisha unamwachia mafuta!"

"Ninagombana naye juu ya kinu," akajibu. "Juu ya amana sina ugomvi naye. Wala msihangaike kuifunga mitungi kwa muhuri."

Basi mitungi ikaanza kupangwa ukutani kwa Bi Lubaba, mwezi baada ya mwezi. Yeye alisokota pamba kwa ujira, akala mkate mkavu, na harufu ya ufuta imejaa nyumba nzima. Moyoni hakuwa na shaka kwamba mafuta yale ni yake. Lakini Kadhi alikuwa amesema hapana wa kuyagusa, na kwake hilo lilitosha.

Mwezi wa tatu alifunua mtungi wa kwanza autazame, akaona mafuta yameshuka. Alishtuka. Enzi za mumewe mafuta yaliuzwa siku ile ile yalipokamuliwa. Hakuwahi kulala na mtungi ndani. Hakujua kwamba udongo hunywa mafuta. Alidhani labda ameuweka vibaya, akaona haya kwenda kusema. Tangu hapo, kila Ijumaa alichukua ujira wake wa pamba, akaenda sokoni kwa Bi Jumana, akanunua mafuta ya ufuta kikombe kimoja na kujazia.

Mtungi wa saba ulipofika, shahidi naye akarudi. Kadhi akaamuru mitungi iletwe barazani. Zuheri akaifunua mmoja mmoja, uso ukambadilika.

"Ee Kadhi, mitungi hii imechezewa! Miaka ishirini nasafirisha mafuta. Mtungi wa miezi sita hupungua upana wa vidole vinne. Huu umejaa hadi shingoni!"

Kadhi akauliza kwa upole, "Bi Lubaba, umeifungua?"

"Nimeifungua, ee Kadhi. Nilikabidhiwa mitungi iliyojaa, nikaona inapungua. Nikajazia kwa ununuzi wangu."

"Kweli tupu!" akadakia Bi Jumana kutoka nyuma. "Kila Ijumaa kikombe! Nikamwambia, wewe mwanamke, una mitungi nyumbani na unakuja kwangu na kikombe, umerogwa? Akaniambia, ile si yangu bado."

Kadhi akainamisha kichwa. "Mwanangu, amini halipi kilichopungua bila uzembe wake. Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya. Nisamehe."

Shahidi akasimama, akasema aliona mawe na ngamia vikitoka kwa Zuheri kwenda kwa Wahbu. Zaidi ya hapo hakujua. Kadhi akamgeukia Zuheri.

"Una shahidi mmoja, na kiapo chako kitashika nafasi ya wa pili. Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hukumpa ndugu yako vitu hivyo viwe vyake, na kinu utakipata, pamoja na kodi yake."

Zuheri akauinua mkono wake. Akaitazama mitungi iliyojaa hadi shingoni, kisha mkono ukashuka.

"Siwezi. Nilimpa siku ya posa yake, apate kuoa. Alipokufa nikajiambia ulikuwa mkopo. Huyu ameogopa kupunguza hata kikombe kimoja cha amana. Mimi nile kinu kizima? Chukua mali yako, shemeji."

Bi Lubaba akachukua kinu chake na mitungi yake. Siku ile, kabla hajapika chochote, alipeleka mtungi mmoja msikitini, mafuta yake yawashe taa kwa niaba ya Wahbu.

Enyi waumini, kifo kinapotuachia nyumba zenye kelele za madai, tumkumbuke mama huyu. Haki yake aliijua, na bado aliingoja hukumu huku haki hiyo imo ndani ya nyumba yake. Mola hakumpotezea hata tone.