Ndugu wa Teksi Moja

Palikuwa na Liwali katika mji mmoja mkubwa, tumbo liko mbele, akili inamfuata nyuma kwa miguu. Siku moja gari lake likakwama nyuma ya teksi ya kuchangia. Akachungulia, akaona watu wanne wamebanana kiti cha nyuma, paja kwa paja, na bado wanacheka. Roho ikamuuma. Akapiga marufuku: kuanzia Jumamosi, hakuna kupanda teksi pamoja ila maharimu, ndugu wa damu au walionyonya ziwa moja. Atakayekamatwa, jela. Na teksi inakuwa mali ya Liwali.

Jumamosi ikafika. Kituoni kama msibani. Teksi moja, mtu mmoja, hiyoo, imekwenda! Waliobaki wanatukanana. Bi Mize, muuza mihogo ya kuchemsha, goti limemvimba kama boga, na sokoni ni mbali hata kwa kunguru. Mihogo ikipoa nani ataitaka? Akaiona teksi ya dereva Jecha inakuja tupu. Akaivamia, akawaita waliokuwa karibu: fundi cherehani mnene, mzee mwenye ndevu, na msichana mwenye tenga la kuku.

"Ingieni! Mnangoja kuota mizizi?"

Hawakumaliza mtaa, askari hao. Wote barazani kwa Liwali, na teksi imefungwa mnyororo uani. Jecha analia kama kafiwa. Gari lile ndilo shamba lake, ndilo ng'ombe wake.

"Wewe bibi," Liwali akanguruma, "huyu dereva ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Umemzaa?"

"Nimzae miye, sura ile? Nimemnyonyesha."

"Na huyu mnene?"

"Nimemnyonyesha. Kwani humwoni?"

"Na huyu msichana?"

"Huyo alikuja mwisho, Bwana. Maziwa yalikwisha kuwa mepesi, ndiyo maana kakonda."

"Na huyu mzee? Umri wenu mmoja!"

"Huyo tulinyonya pamoja kwa marehemu mama yangu. Alikuwa akinisukuma."

"Kweli," mzee akaitikia, "nilikuwa na njaa."

Baraza likaangua kicheko. Liwali akapiga mkono wa kiti.

"Mwongo mkubwa wewe! Unyonyeshe mji mzima, una chemchemi? Nao wasikutaje hata siku moja? Kila mtu anamjua aliyemnyonyesha!"

"Kila mtu, Bwana Liwali?"

"Kila mtu!"

"Na wewe alikunyonyesha nani? Bibi mkubwa, mama yako?"

Nani asiyejua? Mabibi wa majumba makubwa hawanyonyeshi, wanaogopa kifua kisiporomoke. Mtoto hupelekwa vichochoroni kwa mwanamke yeyote mwenye maziwa. Akiacha kunyonya hurudishwa ghorofani, na yule mwanamke hatajwi tena.

Liwali akalegeza kola.

"Mama alinikabidhi kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Sikuambiwa."

Bi Mize akajifunga kanga yake vizuri, akamtazama juu mpaka chini kama mtu anayemtafuta mwanawe sokoni.

"Basi punguza sauti, mwanangu, uwafungulie ndugu zako gari. Tangu mchanga wewe ndivyo ulivyo: ukishashiba, unauma."