Aliyeuliza Bei Kila Jumamosi

Wapendwa, asubuhi hii nina habari ya fundi mmoja wa nguo. Nitaisema taratibu, ili hata watoto waliokaa mkeka wa mbele waifuate. Ukipotea njiani, ninyoshee mkono, nitarudi nikuchukue.

Fundi huyu alikuwa mama wa makamo, mwenye cherehani moja na chumba kimoja cha biashara nyuma ya soko. Alishona nguo za watoto za ibada: za ubatizo, za kipaimara, na zile za watoto wanaoshika maua kwenye harusi. Kazi yake ilikuwa safi. Ungeligeuza gauni lake ndani nje, ungekaa kidogo kabla ya kujua upande upi ni wa kuvaliwa.

Lakini kazi ilikuwa imepungua. Nguo za tayari zilikuwa zimejaa sokoni, na watu wengi hawana subira ya kupimwa. Kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mji wa mbali, akampigia simu.

"Dada, unajitesa. Mwezi wa kumi na moja ukiisha hujapata kazi ya maana, uza hiyo cherehani uje unisaidie dukani. Utakuwa unapima misumari."

Kupima misumari! Mtu aliyezoea kupima mabega ya watoto. Hata hivyo akakubali, maana kaka alisema kwa upendo, na hapakuwa na jibu lingine. Huo ulikuwa mwezi wa sita. Kwa hiyo alikuwa na miezi mitano ya kuiokoa cherehani yake. Shikeni hilo.

Wifi yake, aliyeishi jirani naye, akamjia na wazo. "Wifi, mteja wa siku hizi hapiti tena mbele ya mlango wako. Anapita kwenye simu. Mfungulie mlango huko."

Wakafungua ukurasa mtandaoni. Picha ya kwanza ilikuwa ya gauni jeupe la kipaimara, lenye kola ya mviringo na mikono mirefu. Watu wakaweka mioyo. Wakaandika, "Hongera fundi," "Mikono hiyo ilindwe." Na wengi wakauliza bei. Fundi akawajibu mmoja mmoja, kwa heshima, naye kila aliyejibiwa akanyamaza. Ninyi mnaouza vitu mnaujua uchungu huo. Mtu anauliza, unajibu, halafu kimya, kama umeongea na ukuta. Ukifanyiwa hivyo mara mbili unavumilia. Ukifanyiwa mara arobaini, moyo unaanza kuota sugu.

Sasa, katika wale waliouliza alikuwepo mmoja ambaye hakuwa na picha. Palipotakiwa sura yake palikuwa na kile kichwa cha kijivu ambacho simu humpa mtu asiyejiwekea picha. Kila Jumamosi, saa nane mchana, ujumbe wake uliingia, na kila Jumamosi ulikuwa ule ule:

"Bwana Yesu asifiwe, mama. Habari za kazi. Lile gauni jeupe lenye kola ya mviringo bado lipo? Na bei yake bado ni ile ile?"

Fundi anajibu: lipo, na bei ni ile ile. Mtu yule anaandika: "Asante sana. Ubarikiwe." Basi. Anapotea mpaka Jumamosi nyingine.

Jumamosi ya kwanza fundi alifurahi. Ya tatu akashangaa. Ya tisa akampa wifi yake simu bila kusema neno. Wifi akasoma, akapandisha juu akasoma ya wiki iliyopita, akapandisha tena, akaanza kucheka mpaka akakalia vitambaa vilivyokwisha kukatwa.

"Huyu anauliza bei au anasali?"

"Sijui, wifi. Nimemjibu mpaka nimechoka."

"Usimjibu peke yako. Upige picha huo ujumbe, uuweke kwenye ukurasa. Watu siku hizi wanapenda kucheka."

"Si tutamwaibisha?"

"Hana sura, hana jina. Utamwaibisha nani?"

Lisikilizeni swali hilo tena. Hana sura, hana jina, utamwaibisha nani?

Fundi akaweka. Juu ya picha ya ule ujumbe, akimkisia uzee kwa salamu zake, akaandika: "Jumamosi imefika. Babu wa bei, hujambo?" Na kweli watu walicheka. Mmoja akaandika, "Amina baba, sasa nunua!" Mwingine akasema, "Mwacheni, bado anafunga na kuomba." Mpaka jioni ukurasa uliokuwa na watu mia mbili ulikuwa na watu mia tano. Jumamosi iliyofuata akamjibu kama kawaida, kisha akamweka tena. Watu elfu moja. Jumamosi ya tatu, elfu mbili na zaidi, na wapo walioamka wakiuliza, "Babu wa leo bado?"

Sitaki mumwone fundi huyu kuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, ambaye kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alifanya kitu na watu wakamgeukia. Ni nani kati yetu asiyependa kugeukiwa? Gauni alilolishona siku nne lilipata mioyo thelathini. Babu wa bei, aliyemchukua dakika mbili, alipata mia nne. Wewe ungeweka nini? Ikafika wiki nzima ikapita hajaweka picha ya nguo hata moja. Ukurasa ulikuwa umekua, hilo siwezi kulikana. Ila kazi iliyoletwa na ukurasa huo, mpaka siku hiyo, ilikuwa kufupisha suruali mbili.

Jumamosi ya nne, saa nane ikafika, ikapita. Saa tisa. Saa kumi. Kimya. Watu wakaandika, "Babu kanunua nini?" na mwingine, Mungu amsamehe, "Au kafa?" Fundi akaangalia simu mara nyingi siku ile. Akashangaa kuona kwamba anamkosa.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika katikati, mwanamume mmoja mzee akaingia pale chumbani. Alivaa koti lililofuliwa sana na viatu vyenye vumbi jekundu la mbali. Mkononi alikuwa na mfuko. Akavua kofia.

"Bwana Yesu asifiwe, mama. Habari za kazi."

Fundi akaacha kushona. Salamu ile watu wengi wanaitoa, ndiyo. Lakini kwa mpangilio ule, kwa upole ule, alikuwa ameisoma mara kumi na moja.

"Baba... ni wewe?"

"Ni mimi wa Jumamosi," mzee akasema, akatabasamu kama mtu aliyekamatwa akila sukari.

Fundi hakujua aweke wapi macho. Akavuta kiti, akakifuta, ingawa kilikuwa safi. Mzee akaketi, akatoa mfukoni gauni jeupe la dukani, la kushonwa kiwandani.

"Mimi ni mwinjilisti wa mtaa mmoja wa kanisa huko juu, ukishapita msitu. Mwaka huu tuna wasichana ishirini na wanne wa kipaimara. Kwetu tuna desturi: siku ile wote wanavaa gauni moja, ili mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa asiye nacho wasijulikane. Sasa ili wavae moja, lazima wazazi wote wakubali. Asipokubali mmoja, tumekwama."

"Ishirini na wanne," fundi akasema polepole.

"Jumamosi baada ya mafundisho tunakaa na wazazi. Wiki moja wanakubali watatu, wiki nyingine mmoja. Na kila anayekubali anataka kusikia bei siku hiyo hiyo, asije akaambiwa imepanda. Kwa hiyo nauliza, wewe unajibu, nawasomea. Wanaamini."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Niseme nini? Nikuahidi magauni ishirini na manne nikiwa na wazazi tisa? Ungeenda kununua kitambaa, halafu wakanigeuka. Nikasema, ngoja watimie."

Fundi akauliza lile alilokuwa anaogopa kuuliza.

"Na ule mzaha wangu... uliuona?"

"Niliuona tangu siku ya kwanza."

"Na ukaendelea kuuliza?"

"Wazazi walikuwa hawajatimia, mama."

Wapendwa, tutulie hapo kidogo. Mzee huyu alijua kwamba elfu mbili wanamcheka. Alipanda na simu yake mahali penye mtandao, akaandika salamu ile ile, akijua itakwenda kutundikwa. Maana kama asingeuliza, watoto wasingevaa.

"Jumamosi ile ya mwisho," mzee akaendelea, "mama aliyekuwa amebaki akakubali. Wa ishirini na nne. Nikafurahi mno. Lakini mama yule ni mbishi, akasema, nipe hiyo simu nisome mwenyewe. Nikampa. Akasoma, kwa sauti. Hakusoma bei; alisoma ukurasa wako."

Fundi akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza.

"Hawakugomba. Walinyanyuka tu, mmoja mmoja. Yule mama akanirudishia simu, akaniambia, 'Mwinjilisti, kama wewe unachekwa kwa kuuliza, watoto wetu watapimwaje huko?' Wakaagiza za dukani."

"Baba, nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe, mwanangu, ndiyo maana nimekuja. Za dukani zimewakaa watoto ishirini na watatu. Amebaki mmoja. Anaitwa Sekela. Mgongo wake umepinda tangu alipozaliwa, na nguo ya kiwandani haimkai, inamning'inia upande. Nakuomba unishonee moja inayofanana na hii, ya kwake peke yake, asionekane tofauti na wenzake."

"Kwa nini mimi? Mafundi wapo wengi."

"Kwa sababu nimeangalia kazi yako kila wiki kwa miezi mitatu. Mikono yako naijua." Akavaa kofia, kisha akauliza, bila mzaha hata kidogo, "Bei bado ni ile ile?"

Fundi akainamia cherehani akalia.

Alikwenda mwenyewe mpaka kule juu kumpima mtoto. Wakati anampima mgongo, Sekela akamuuliza, "Shangazi, eti babu wa bei ni nani? Watu wazima wananyamaza nikiuliza." Fundi akashika utepe wake wa kupimia, akashindwa kusoma namba. Akamwambia, "Ni mteja wangu mzuri kuliko wote." Akashona gauni lile, akalifananisha na la kiwandani kola kwa kola, pindo kwa pindo. Siku ya kipaimara walisimama wasichana ishirini na wanne, na mgeni hakuweza kusema yupi aliyekuwa na mgongo uliopinda.

Ningependa kuwaambia kwamba kazi ikamiminika baada ya hapo. Haikumiminika. Mwezi ukaisha, kaka akaja, cherehani ikauzwa. Fundi yule alikuwa ameombea kazi miezi mitano, nayo kazi ilikuwa inakuja kwake kila Jumamosi saa nane, ikimsalimu kwa jina la Bwana.

Sasa sisi.

Ninyi wenye biashara na kurasa zenu, nawaambia kwa upendo: andikeni bei, na anayeuliza mara ya kumi mjibuni kama mlivyomjibu mara ya kwanza. Ukurasa ni mlango wa duka, na hakuna anayesimama mlangoni mwa duka lake akimtungia wimbo mteja anayeingia. Hilo ni la biashara, na ni zuri. Lakini siyo la wenye biashara tu. Nyumbani kwako yupo mtu anayeuliza jambo moja kila siku. Ni mama yako mzee, anauliza utakuja lini. Ni mtoto wako, anauliza kama utamsikiliza akisoma. Umemjibu mpaka umechoka, na umeanza kumsimulia kwa rafiki zako ili mcheke. Je, umewahi kumuuliza kwa nini anauliza? Huenda nyuma yake wamesimama watu ishirini na wanne ambao wewe huwaoni.

Na kuna la mwisho. Sisi tuliokuja hapa leo, tumekuja kufanya nini? Jumapili iliyopita tulimwambia Mungu: Bwana, bado upo? Bado unatupenda, baada ya wiki hii niliyoishi? Rehema yako bado ni ile ile? Na Jumapili ile nyingine tulimuuliza hayo hayo. Wapo hapa wanaomuuliza kwa mwaka wa hamsini sasa, kwa maneno yale yale, na wakishajibiwa wanaondoka bila kumpa chochote, mpaka wiki ijayo.

Hajawahi hata siku moja kutugeuza kuwa kichekesho mbele ya malaika wake. Anajibu. Nipo. Ni ile ile.

Basi tusimame, tumuulize tena.