Kilemba cha Dalali Semboja

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na dalali wa mnada akiitwa Semboja. Mdomo ule, we acha! Akinadi kitanda kibovu, watu wanakimbilia nyumbani kuvunja vibubu. Basi kiharusi kikampiga. Mkono ukapona, mguu ukapona, maneno hayakurudi. Kichwani anaona chai, mdomoni inatoka sufuria. Anataka kusema ndiyo, inatoka hapana. Mwenyewe anajisikia, anashtuka, anageuka kutazama nani kasema vile. Masikini ya Mungu!

Wakampeleka hospitalini, kwenye kikundi cha waliopotewa na maneno kama yeye. Kiliendeshwa na wanafunzi wa tiba ya usemi. Wanakaa duara, wanaongea wanavyoweza, na sheria ni moja: mwenzio akikwama, usimmalizie neno. Msubiri.

Humo alikuwamo Bi Mwanakombo, ambaye ugonjwa ulimwachia neno moja tu. Habari za asubuhi? "Kesho." Umekula? "Kesho." Na mwanafunzi aliyemhudumia Semboja aliitwa Eliudi, kijana mpole lakini king'ang'anizi.

Sasa Salha, binti Semboja, akaposwa. Akaweka sharti: "Baba asiponiozesha kwa mdomo wake mwenyewe, mimi siolewi."

Lo! Semboja akachanganyikiwa. Akinyamaza, binti haolewi. Akijaribu, ataaibika mbele ya watu. Na mdogo wake Mbwana akiozesha kwa niaba yake, basi yeye ni maiti anayekula pilau. Akaona bora asijaribu kabisa. Akaacha kwenda kikundini, akajilaza.

Bi Mwanakombo akamfuata hadi kwake, akamkamata shati: "Kesho!" Semboja hakujua kama anaitwa au anatukanwa. Akarudi kikundini hivyo hivyo.

Eliudi alihangaika naye kwa neno "nakuozesha". Halitoki ng'o. Hadi siku moja akamsikia mzee anaimba ule mlio wake wa mnadani, na ndani ya mlio maneno yanatoka mazima! Eliudi akaruka. "Mzee, na ya ndoa tuyapachike humo humo!" Wakayapachika, Bi Mwanakombo akiwapigia mapigo kwenye kiti.

Siku ikafika. Wanaume sebuleni, wanawake chumbani nyuma ya pazia. Shehe akasema, "Haya mzee, muozeshe." Watu wakakohoa. Semboja anayaona maneno, yamejipanga, hayasogei. Shehe akamgeukia Mbwana: "Wewe ndugu yake, msaidie."

Mbwana maneno aliyajua. Na kwao, anayeozesha ndiye anayevishwa kilemba na bwana harusi. Na kilemba kile alikitamani, tusifichane. Akasema, "Kaka yangu yu hai. Msubirini." Akafunga mdomo, jasho likimtoka.

Mara nyuma ya pazia ikasikika ko, ko-ko, ko. Bi Mwanakombo huyo anagonga mlango! Semboja akafumba macho, ule mlio ukamjia: "Nakuozesha binti yangu Salha, kwa mahari tuliyopatana! Mara ya kwanza! Mara ya pili..."

"Nimekubali!" akadakia bwana harusi, akihofia asije mwingine akapandisha dau.

Shehe akajizuia kucheka, akashindwa. "Ndoa imetimia. Hayo ya mnada tumsamehe." Vigelegele vikalia, na Semboja akalia kwa furaha mbele ya watu, bila haya.

Akavishwa kilemba. Akakivua. Akaonyesha kwa mikono: si changu hiki, ni cha aliyenirudishia mdomo.

Eliudi akasema, "Mzee, bila ule mlio, maneno yangekaa tumboni mpaka kiama."

Mbwana akasema, "Mlio gani, kama ningeozesha mimi? Kilemba kilikuwa changu, nikakiacha kwa kunyamaza tu. Mnadhani ni rahisi?"

Bi Mwanakombo akachungulia kwenye pazia, kidole kifuani: "Kesho! Kesho, kesho!" Na hakuna asiyemwelewa: nani alikutoa kitandani? Nani aligonga?

Salha naye huko ndani: "Na mimi je? Ningekubali ami Mbwana aniozeshe, mngemfundisha nani?"

Semboja akamwendea Eliudi, akarudi. Akamwendea Mbwana, akarudi. Akalitazama pazia. Yeye mwenyewe hajui! Mlio, kimya, mapigo ya mlangoni, sharti la mwanawe, vyote vilimjia pamoja. Akafungua mdomo ataje jina, hakuna kitu. Yote aliyokuwa nayo alishampa bwana harusi.

Pilau ikapoa, kilemba bado kiko mkononi, na wanne wale wanamtazama. Haya, nyinyi mlionisikiliza kimya muda wote huu, mdomo mnao: kilemba kile ni haki ya nani?