Mtoto Aandikwe Nani?

Tegeni sikio, na kila mtu alifiche jibu lake mdomoni mpaka nimalize.

Katika hospitali ya wilaya ya Ikungwe walikuwapo mafundi watatu wa kompyuta. Sekela alijua kila kitu kimehifadhiwa wapi. Lwitiko alijua njia zote zinazounganisha kompyuta moja na nyingine. Bupe aliweza kupatanisha mashine mbili zilizokataa kuelewana.

Siku moja alizaliwa mtoto wa kike ambaye maziwa hayakushuka tumboni. Akapigwa picha ya kifua. Daktari wa upasuaji alikuwa mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa gari.

"Siwezi kumsafirisha mtoto wa siku mbili kwa kubahatisha," alisema kwenye simu. "Nione picha kwanza."

Wakamtumia anwani ya picha. Akaibonyeza. Kompyuta yake ikaandika: Haipo.

"Ipo, daktari! Naiona hapa mbele yangu!" Lwitiko akasema.

"Kwangu haipo, mwanangu."

Wakapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu. Daktari akaona ukungu mtupu. Faili lenyewe lilikuwa zito mno kwa barua pepe. Mtoto alilia, halafu hata kulia kukapungua.

Bibi yake, Bibi Atupele, alikuwa ameketi mlangoni. "Wanangu, mimi mashine sizijui. Atakayeifanya picha ionekane, mjukuu wangu atabeba jina lake."

Sekela akasema, "Kosa ni langu." Miaka mitatu nyuma, hospitali ikiwa na kompyuta moja tu, aliandika anwani za picha kama mtu anayemwelekeza jirani: hapo ndani, kabati la tatu. Sasa kompyuta ya daktari ilikuwa ikipekua kabati lake yenyewe. "Usingesema, tungetafuta mpaka kesho," Bupe alimwambia.

Lwitiko akaandika anwani nzima, kuanzia nje: mtandao gani, hospitali gani, kabati gani, picha gani. Ikafika, ikakwama mlangoni. Mashine za Ikungwe hutenga sehemu za anwani kwa mkwaju, ule mstari mfupi wa mshazari, ulioinamia kulia. Za kule kwa daktari, kwa mkwaju ulioinamia kushoto. Akaigeuza mikwaju, za kwao zikagoma. Akairudisha, za kule zikagoma. "Nikimvika huyu, yule anabaki uchi," akasema, akacheka bila furaha.

Bupe akaandika programu fupi. Anwani isiunganishwe tena kwa mkono. Ivunjwe vipande, na kila mashine ipewe vipande ivipange kwa desturi yake. Daktari akabonyeza.

"Naiona," akasema. "Mleteni upesi."

Mtoto alipasuliwa. Yuko kwenye kisanduku cha joto, anapumua kwa bomba, na hakuna ajuaye kesho yake. Kule Ikungwe watu wanasubiri tu simu.

Leo imelia. Ni muuguzi wa hospitali ya daktari. "Bibi, tumemwandika kwa jina la mama yake, 'mtoto wa Neema.' Asubuhi hii ameletwa mtoto mwingine wa Neema, na dawa zao ni tofauti. Nipe jina lake, sasa hivi."

"Si langu," Sekela akasema haraka. "Aliyeufunga mlango hapewi zawadi ya kuufungua."

"Wala langu. Anwani yangu iliishia kizingitini," akasema Lwitiko.

"Na mimi nilipanga vipande vya wenzangu," akasema Bupe.

"Mnanikimbia wote?" Bibi Atupele akauliza. "Mbona ahadi niliitoa kwa mmoja, mkaja watatu?"

Muuguzi yuko kwenye simu, kalamu mkononi. Bibi anawatazama, nao wanatazama sakafu.

Nanyi msinitazame mimi, kwa kuwa mimi pia sijui. Semeni nyinyi: mtoto aandikwe nani?