Bata Mzinga wa Mzee Kisamo

"Bata mnono hukuta mgeni kaondoka." Naona mnacheka, kwa kuwa mmeisikia kwa shangazi yenu leo wali ulipochelewa. Haya, chekeni kabisa, mkimaliza mtanyamaza wenyewe. Methali hii ilianza hivi.

Huko Mwika, kwenye migomba, alikaa Mzee Kisamo, bingwa wa kununa. Bintiye Ndeshi alipoolewa na mwanamume ambaye baba yake hakumtaka, mzee alimwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Miaka ikapita. Mkesha wa Krismasi mmoja, asubuhi, Ndeshi akatokea mlangoni.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kukuona. Jioni nina zamu hospitalini, basi langu ni la saa nane mchana."

"Marahaba," mzee akaitikia, kisha neno likamkwama. Neno lenyewe lilikuwa dogo tu: nisamehe. Akaona heri bata mzinga amsemee. Akachukua kofia, huyo sokoni.

Kila bata alimpuliza manyoya ya kifua aione ngozi, akambonyeza kidari. Wa kwanza mkonde. Wa pili kazeeka. Wa tatu hakuwa na kasoro, ila mzee alidai ana macho ya huzuni.

"Mzee Kisamo," akauliza Mama Kleofasi, muuzaji, "unanunua bata au unaposa?"

"Ndeshi amekuja."

Mama Kleofasi akaacha kucheka. "Basi chukua huyuhuyu, uwahi nyumbani."

"Huyu ni wa wageni wengine. Ndeshi nitamtafutia mnono."

Akapanda hadi soko la juu. Huko akampata, kifua kama mto wa kulalia. Akashuka naye kwapani, akijizoeza njia nzima: "Mwanangu, ona nilichokuletea." Lile neno lingine hakulijaribu.

Nyumbani alikuta kiti kitupu, na chai ya Ndeshi imefanya utando. Mkewe hakuinua macho.

"Amengoja mpaka basi likapiga honi. Kasema, mwambie baba sikuja kula."

"Hukumwambia nimemfuatia bata?"

"Nilimwambia. Ndipo akalia." Kisha akamtazama yule ndege. "Bata mnono hukuta mgeni kaondoka."

Ndeshi hakurudi tena mzee akiwa hai. Bata naye hakuchinjwa, nani angemla? Alizeekea palepale uani, akipiga kelele kila apitapo mtu njiani. Na kila alipopiga kelele, mzee aliinuka kitini, akachungulia njia, akakaa tena.

Nyinyi endeleeni kuisema kwa ajili ya wali. Bata mnono hukuta mgeni kaondoka.